Utepe wa Njano Ambao Lorna Hakuusogeza

Theluji ilifunga barabara Jumatano asubuhi, na Lorna Haapala akajua amekwisha. Miaka kumi na tisa ameshika stoo ya zahanati ile ya kaskazini mwa Michigan bila kuishiwa hata bandeji, na kwa hilo alijua kuringa, jamani!

Rafu ya mifuko ya maji ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo ilikuwa na tepe mbili. Mifuko ikishuka hadi utepe wa njano, thelathini na miwili, anaagiza. Ishirini ni ya siku tano lori likiwa njiani. Kumi na miwili iliyo chini ya utepe mwekundu ni akiba, lori likichelewa. Ilikuwa hesabu ya mgonjwa mmoja, mzee Toivola, mifuko minne kwa siku.

Tangu mwezi jana wagonjwa ni wawili. Lorna aliagiza kwenye njano kama kawaida, Jumamosi jioni. Leo imebaki minane, na dereva anasema hafiki kabla ya Ijumaa.

"Dada, mbona hukuupandisha utepe?" nesi Trudy alimjia juu. "Wewe, unayetufokea kwa sindano moja!"

Lorna aliihesabu upya mifuko. Mgonjwa wa pili ni Arvo, mumewe. Waliambiwa huenda figo zake zikaamka, zikafanya kazi tena. Kuupandisha utepe hadi sitini na minne ni kukiri pale rafuni kwamba haziamki, na mkono wake ulikataa.

Arvo alisikia yote kitandani mwake, chumba cha pili pale zahanati. "Mpe Toivola yote minane."

"Nyamaza wewe!"

"Akiba yake nimeila mimi, Lorna. Mpe."

Daktari alikubali shingo upande: Arvo asiguse chumvi, na maji ni ya kulowesha midomo tu. Siku mbili Lorna alihesabu pumzi za mumewe.

Ijumaa saa nne lori likafika. Arvo alikuwa amevimba miguu, anahema, lakini yu hai. Maji ya mfuko wa kwanza yalipoanza kumwingia tumboni, Lorna aliketi kando yake, akapiga simu kwenye ghala linalowaletea mifuko, kuongeza oda.

"Huyu mgonjwa wa pili ni wa muda tu, mama?" karani akauliza.

Arvo alikuwa anamtazama.

"Wa kudumu," Lorna akasema, akaangua kilio hadharani.