Nilivyomjibu Skauti

Mwanangu alikuwa mrushaji. Kwa asiyeujua mchezo wa besiboli, mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja, juu ya kituta cha udongo, anatupa mpira, na mtu wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Mimi mwenyewe nimeujua mchezo kwa kufua nguo. Nafanya kazi chumba cha udobi katika hoteli moja hapa Alexandria, huku Marekani, nafua mashuka na taulo, na nyumbani nilikuwa nafua suruali zake nyeupe. Wenzake waliokuwa wakikimbia na kujitupa chini walirudi wamejaa udongo mwekundu kuanzia kiunoni. Yeye alikuwa na doa moja tu, goti la kushoto, kwa sababu alitupa kwa mkono wa kushoto na goti hilo hukwaruza chini. Udongo ule hautaki maji ya moto. Unauacha ukauke, unaupiga brashi, ndipo unatia maji baridi. Hilo nalijua kwa hakika. Mengi yanayofuata hapa siyajui kwa hakika. Nimeyaandika mara tatu, na kila mara naona ama nimejipendelea, ama nimejihukumu kupita kiasi, na hiyo nayo naona ni namna nyingine ya kujipendelea.

Mkono huo wa kushoto nilikuwa nikiupiga kofi alipokuwa mdogo, kila akiupeleka kwenye sahani. Kula kwa kulia alijifunza. Kutupa hakubadilika, na walimu wa michezo shuleni wakaniambia nisimguse, kwamba mrushaji wa mkono wa kushoto ni adimu na watu wanamtafuta. Kweli alitafutwa. Chuo kimoja cha kusini, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa, kilimchukua bure kwa ajili ya mkono ule.

Njia ya kwenda ligi kubwa iko hivi. Kijana akimaliza mwaka wa tatu wa chuo, timu kubwa zinaruhusiwa kumchagua. Kila mwaka, mwezi wa saba, zinataja majina moja baada ya jingine kwa siku kadhaa. Aliyetajwa anaacha chuo, anapelekwa timu ndogo kwenye miji midogo, anaanza kupanda ngazi, na wachache sana hufika juu. Asiyetajwa anaweza kurudi kumaliza mwaka wa nne na kungoja tena, lakini wanamwona amekuwa mzee. Mzee wa miaka ishirini na miwili.

Kabla ya kuchagua, timu hutuma watu wa kuwachunguza vijana. Wanaitwa skauti. Mwanangu alipokuwa mwaka wa tatu, mmoja alipiga simu akaomba kuja kwetu awaone wazazi. Baba yake mtoto alikuwa na zamu ya teksi uwanja wa ndege, mtoto mwenyewe alikuwa chuoni, kwa hiyo nilimpokea peke yangu. Nilipika kaimati na chai ya tangawizi. Alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nasema hivyo kwa sababu ni haki yake. Hakunidanganya wala hakunitega.

Aliniuliza kama mwanangu ni mtu wa kujituma. Nikacheka nikamwambia ni mvivu tu, hata kitanda hatandiki. Akaniuliza kama anaupenda mchezo kwa dhati. Nikasema anajaribu, mtoto wa watu, hajafika popote.

Ninaloweza kusema kwa kujitetea ni kwamba kwetu Tanga mtoto hasifiwi na mzazi wake mbele ya mgeni. Mtu akikuambia mwanao mzuri, unasema ah, uzuri gani, hebu mtazame pua. Ni adabu, na ni kinga pia, kwa sababu jicho la mtu lina nguvu, na kitu kikitajwa kabla hakijaiva huoza mtini. Nilikuwa nimewaficha hata ndugu zangu kwamba skauti anakuja. Ukweli ni kwamba mtoto yule alikuwa anaamka kabla ya alfajiri kukimbia ngazi za jengo letu, ghorofa kumi na moja, kupanda na kushuka. Nilimsikia kila siku. Nilikuwa namwekea mayai.

Halafu yule bwana akaweka kikombe chini akauliza lile alilokuja kuuliza.

"Akichaguliwa mwezi wa saba, yuko tayari kuondoka chuoni?"

"Bado mtoto," nikamwambia. "Mwacheni amalize shule kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyeonja chai akakuta chumvi. Akaandika kwenye kidaftari chake. Akashukuru, akasifu kaimati, akaniachia kadi yenye namba yake endapo tungependa kuongeza lolote. Alipotoka nikasoma Falaki na Nasi, sura za kukinga jicho baya, nikaosha vikombe, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Niliona nimejiheshimu na nimemlinda mwanangu.

Wiki iliyofuata nilimsimulia mwenzangu wa kazini, mama mmoja Mkenya ninayekunja naye mashuka. Mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha zake, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, kwa hiyo mazungumzo huenda vipande vipande. Nilipofika kwenye lile jibu la mwisho, aliachia ncha zake, shuka likaanguka sakafuni.

"Wewe mama, ulimwambia hivyo kwa nini?"

Nikamwambia ningesemaje, nimsifu mwanangu mwenyewe?

"Ndiyo, umsifu! Hawa watu huamini kile umesema. Hapa mtu husifu hata mbwa wake akipita naye kwa barabara. Mpigie huyo mzee leo. Mwambie ulikuwa unatania."

Akanieleza anavyoelewa yeye. Timu haipendi kupoteza nafasi yake kwa kijana ambaye nyumbani kwao hawamtaki aende. Ikisikia hivyo, inamtaja mwingine. Sijui alilijua wapi jambo hilo, lakini baadaye niliambiwa na watu wa mpira kwamba ndivyo ilivyo.

Nilikuwa na kadi. Nilikuwa na zaidi ya mwezi. Hapa ndipo nilipoandika mara tatu.

Mara ya kwanza niliandika kwamba sikupiga kwa sababu ya Kiingereza changu. Ni kweli, mimi ni darasa la saba, na kwenye simu, nisipoona midomo ya mtu, napotea. Lakini mwenzangu alijitolea kunipigia, akaniambia nisimame pale tu niseme ndiyo. Mara ya pili niliandika kwamba niliona aibu kujirudi, mtu mzima kula maneno yake. Nalo ni kweli. Mara ya tatu niliandika hili ambalo sasa naliacha. Nilitaka amalize shule. Siku ile nilipomjibu yule bwana, nusu ya jibu ilikuwa adabu na nusu nilimaanisha. Mimi na baba yake hakuna mwenye cheti chochote. Nilitaka joho. Nilijiambia atachaguliwa mwaka unaofuata, joho analo, mpira anao. Kadi ilikaa ndani ya kabati la vikombe mpaka mwezi wa saba.

Wala sikumwambia mwanangu alipokuja likizo. Niliona ana mengi.

Majina yalipoanza kutajwa tulikaa sebuleni wote watatu. Siku ya kwanza hatukutarajia kitu, hiyo ni ya vijana wakubwa wakubwa. Siku ya pili baba yake hakwenda kazini. Mwanangu alikaa sakafuni, simu juu ya zulia mbele yake, kifudifudi, kama vile kuitazama kungeizuia isilie. Mwenzake wa chumba chuoni, mrushaji kama yeye, alitajwa siku hiyo mchana. Mwanangu aliruka, akampigia, wakapiga kelele pamoja kwenye simu, naye alifurahi kweli, sikuona uwongo usoni mwake. Halafu akakaa tena chini. Siku ya mwisho yalitajwa mamia ya majina. Yalipokwisha alisimama, akakusanya vikombe vyetu, akaviosha. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba ni sawa tu, kuna mwaka mwingine. Huwa ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, tangu alipoanza shule.

Mimi nikasema, "Kheri ipo mbele." Nilikuwa nimesimama kando ya kabati lenye kadi.

Lazima niseme na upande wa pili. Mwenzake yule alikuwa anatupa kwa kasi kuliko mwanangu. Si sana, lakini hata mimi jukwaani nilisikia mpira wake unavyolia ukiingia kwenye glavu. Na mwezi wa mwisho kabla ya uchaguzi mwanangu alikuwa amepungua kasi, kocha wake alinieleza. Pengine hata ningemsifu mpaka ulimi ukauke asingetajwa. Mama wa yule kijana alikuwa akikaa nami jukwaani. Alikuwa anasimama kila mwanawe akitupa, anawaambia hata wauza soda kwamba hakuna kama huyo nchi nzima. Nilikuwa namwonea haya. Lakini siku za baridi alinifunika nusu ya blanketi lake bila kuniuliza kama ninahitaji, na mwanawe alikula pilau yangu mara nyingi. Siwezi kuwasema vibaya.

Mwaka wa nne kiwiko kilianza kumuuma. Alificha mpaka mwezi wa tatu, halafu hakuweza tena. Alikaa benchi mpaka mwisho. Mwezi wa tano alivaa joho. Picha iko ukutani, kavaa na kofia yenye uzi, mkono wa kushoto kaubana kwenye mbavu. Kila mgeni anaisifia. Nami nilichokitaka nilikipata.

Hakutajwa tena mwaka huo. Baada ya uchaguzi timu moja ilimchukua bila kumtaja, kama wanavyochukua wengi, ikampeleka Florida. Alirusha huko mechi chache kwenye viwanja vya mazoezi ambavyo watazamaji wake, aliniambia, ni wake za makocha na mijusi. Kiwiko kilirudi kuuma. Mwezi wa tatu uliofuata, asubuhi moja, waliwaita watu kadhaa ofisini mmoja mmoja, na jioni alikuwa kwenye basi la kurudi. Alirudi na begi lile lile. Nilifungua nikatoa suruali zifuliwe, nikakuta ni safi.

Sasa ana miaka ishirini na minne. Anafanya kazi ghala moja huko Manassas, anapakia maboksi. Cheti chake ni cha masuala ya michezo. Ameomba kazi za ukocha shule mbili tatu, hawajamjibu. Jirani zetu wanaponiuliza habari zake siku hizi namsifu. Nasema ni mchapakazi, ana adabu, anajituma. Hayo maneno yananitoka kwa wepesi ajabu. Hakuna wa kumwonea kijicho.

Mwezi uliopita nilipita ukumbi wa hoteli na kigari cha taulo, nikamwona yule mwenzake kwenye televisheni. Amefika. Amesimama juu ya kituta cha uwanja mkubwa, taa zote zake, anatafuna kitu. Wageni wawili wa hoteli walikuwa wanabishana kama atadumu. Nilisimama mpaka msimamizi akanikoholea.

Kesho yake gari la mwanangu lilikuwa gereji, na kwa kuwa zamu yake huanza mchana nilimpeleka mimi. Tuliingia barabara ya sitini na sita, foleni kama kawaida. Niliona nisipomwambia siku hiyo sitamwambia tena. Nikaanza na skauti, nikaenda kwenye kaimati, nikafika kwenye jibu. Halafu nikamwambia kuhusu kadi. Sikuacha kitu, hata la joho nilimwambia, kwamba nilitaka. Macho yangu yalikuwa barabarani. 

Nilipomaliza alisema kwa Kiingereza kwamba alikuwa anajua. Kocha alimwambia kiangazi kile kile, siku chache baada ya majina kwisha, kwamba timu moja ilikuwa imemwandika, ikamfuta kwa sababu familia haiko tayari. Timu moja tu, akasema, na huko chini kabisa kwenye orodha. Pengine wangemfuta kwa jambo jingine. Kiwiko kingeuma kokote. Alinipangia sababu hizo moja moja, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuzipanga zamani kwa ajili yake mwenyewe.

Miaka mitatu. Alikuwa akikaa mezani kwangu, akila, akijua.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

Akageukia dirishani. Halafu akanijibu kwa Kiswahili.

"Ungelia, mama."

Tulibaki na kama dakika ishirini za njia. Nilibana meno, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikatazama taa za nyuma za lori lililokuwa mbele yetu. Sikulia. Nilitaka aone kwamba alikosea, kwamba angeweza kuniambia siku ile ile na tungelibeba wote wawili. Lakini tulipofika ghalani alikuwa amechelewa dakika chache. Alishuka akikimbia huku anafunga koti, hakugeuka kunitazama, kwa hiyo sijui kama aliona.