Kadi Nilizomwandikia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mwimbaji maarufu, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali pale Morogoro. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nilikuwa mke wa kukaa tu akisubiri mume arudi na sifa zake. Sifa zake nilizijua, na kero zake nilizijua zaidi. Tukipita sokoni wanawake wazima walimwimbia nyimbo zake mbele yangu, bila haya, nami nimeshika kapu.

Halafu binti yetu akafa kwa surua. Alikuwa na miaka minne. Sitaieleza siku ile, sina nguvu hiyo hata leo. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na baba yake, na hatukuwa na la kufanya.

Baada ya mazishi mume wangu aliacha kuzungumza. Zamani aliniita Mama na jina la mtoto, kama watu wote walivyoniita. Sasa hakuwa na cha kuniita, basi akawa haniiti. Kilichomtoka miezi ile ni wimbo mmoja tu. Ulikuwa wa polepole, magitaa mawili, hakuna tarumbeta, na mwishoni hakuna chemko, ile sehemu ya kasi ambayo watu huisubiri ili walowane jasho. Wenzake katika bendi walimsihi aweke chemko japo kidogo. Alikataa katakata. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa walimwachia, wimbo ukarekodiwa Dar, santuri zikatoka.

Zilidoda. Sikufichi, zilidoda vibaya. Ukumbini wimbo ukianza watu walirudi vitini kuagiza bia, na mmoja alisema kwa sauti kwamba kama ni msiba angebaki kwao. Mwenye duka la santuri karibu na soko aliiweka dirishani mpaka ganda lake likapauka kwa jua. Haukupita muda bendi ikaacha kuupiga. Mume wangu hakulalamika. Alikaa uani kwetu Mafiga akitazama mlima, chakula kinapoa, na alipoacha hata kunyoa ndevu nikajua nampoteza na yeye. Niliogopa mno. Ofisini nilikuwa nakosea barua moja mara tatu, na bosi akaanza kuniangalia vibaya.

Ndipo nikanunua kadi za salamu. Kila Jumamosi mchana redio ilikuwa na kipindi chake: unajaza jina lako, unapoishi, watu unaowasalimia na wimbo unaoutaka, mtangazaji anaisoma kadi yako na nchi nzima inasikia. Nikatunga watu. Fundi wa reli mpya kule Kisaki. Mwalimu wa kike wa Kilakala. Katekista wa misheni ya mlimani mwenye watoto tisa, na wote tisa nikawapa majina ya watakatifu. Niliandika nikiwa kwenye foleni ya unga wa njano, kadi nimeilaza juu ya mkoba, mwandiko huu umeinama, ule umesimama, mwingine kwa mkono wa kushoto. Miaka yote kazini nilikuwa naandika barua za watu wengine, kwa hiyo sikuona aibu.

Jumamosi ya tatu fundi wa Kisaki akasomwa, na wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Mume wangu aliingia kutoka uani akasimama mbele ya redio.

"Kisaki," alisema. "Kule porini kabisa."

Siku ile alimaliza ugali akaomba mboga zaidi. Aliposomwa mwalimu wa Kilakala, akanyoa. Akaanza kumwaza yule fundi, akisema lazima naye amefiwa, maana mtu hawezi kuuomba wimbo ule hivi hivi. Akasema ipo siku atapanda treni aende kumshukuru. Mimi nilikuwa nakata mchicha, sikuinua kichwa. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtu wangu alikuwa anarudi. Jumatatu yake nikanunua kadi nyingine.

Lakini uongo unachosha jamani, na mimi nilikuwa nimeishiwa majina. Siku moja, foleni haisogei, jua linawaka, nikawa najaza kadi ya karani wa Kilosa, na kati ya wale wanaosalimiwa mkono wangu ukaandika jina la binti yetu. Jina lake kamili, pamoja na lile la bibi yake tulilomwongezea. Niliona nilichokiandika. Ningeweza kulikata. Ila nilikuwa sijaliandika jina lile popote tangu tulipomzika, na lilikaa vizuri pale, katikati ya watu wazima na afya zao. Nikaitumbukiza kadi posta.

Jumamosi tuliketi pamoja, kwa sababu sasa hakuwa anakosa kipindi. Mtangazaji alimsoma karani wa Kilosa, akataja wanaosalimiwa mmoja mmoja, na kwa uchangamfu ule ule akamtaja mtoto wetu, akasema popote alipo apokee salamu. Kisha akaeleza kwamba santuri iliyoombwa haikupatikana, lakini ipo nyingine ya mwimbaji huyo huyo ambayo kila mtu anaipenda. Ikapigwa ile ya zamani, ya tarumbeta na chemko refu. Majirani wakaongeza sauti za redio zao, mtaa mzima ukawa unaimba.

Mume wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Na fundi wa Kisaki?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Na mwalimu?"

"Ni mimi. Wote ni mimi."

Wimbo ulipoisha akazima redio.

"Kwa hiyo hakuna aliyeusikia," alisema.

Nikamwambia mimi niliusikia. Nililia nikisema hivyo, nikamwambia niliusikia kila neno, tangu siku ya kwanza alipokuwa anautafuta uani kwa kuguna tu.

"Wewe ulikuwepo chumbani siku ile," alisema.

Mwezi haukuisha, akapanda mlimani kwa wajomba zake kulima. Nilimfuata mara tatu. Mara zote alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kazi, na nilipoondoka alinifungia mzigo wa mboga wa kurudi nao mjini.