Sakafu Yangu Mbichi

Wasomaji, wivu umenivua nguo. Shuleni kwetu Uriri, sakafu za udongo hupakwa mavi ya ng'ombe kila Ijumaa ili vumbi litulie, na kila Jumatatu mwalimu mkuu husifu darasa la Madam Atieno tu. Langu je? Hata halitazami!

Juzi tulipoambiwa inspekta anakuja, niliwaita watoto wangu alfajiri tukapaka upya. "Leo tunamshinda Madam Atieno," nikawaambia. "Mgeni akiingia tu, pigeni makofi."

Inspekta aliingia sakafu haijakauka. Akateleza, akakaa chini pu, na suruali yake ya kijivu! Watoto wakapiga makofi kwa nguvu zote. Madam Atieno alikuwa amesimama pale mlangoni, na kiranja wangu akaniuliza kwa sauti, "Mwalimu, tumemshinda?"