Jina la Hilary kwenye Gari la Kerry

Miaka ishirini na miwili Hilary Ormerod alifundisha watu wa mji wa Burnley, Uingereza, kuendesha gari, na hakuwahi kuchubua hata kioo cha pembeni. Wanafunzi walimwogopa. Ukisahau kutazama kioo, alikanyaga breki ya upande wake mpaka meno yako yagongane.

Barua ya bima ilimkuta jikoni. Wiki tatu kabla, binti yake Kerry, wa miaka kumi na tisa, akienda kazini kwenye kiwanda cha biskuti, alikuwa amegonga gari la mzee mmoja, na mzee akavunjika mkono. Sasa kampuni ilisema bima ya gari la Kerry imefutwa tangu siku ya kwanza: dereva mkuu aliyeandikwa, yaani anayeliendesha zaidi, ni Hilary, lakini kamera za kiwanda zilimwonyesha Kerry akiliegesha kila asubuhi.

"Clifford! Hebu njoo hapa!"

Mumewe akaja na kikombe cha chai.

"Fomu ya gari la Kerry alijaza nani?"

"Mimi. Bima ya vijana ni wizi wa mchana, Hil. Rekodi yako safi, nikaweka jina lako. Watu wote wanafanya hivyo."

"Bila kuniambia?"

"Si unaliendesha mara mojamoja..."

"Mara moja tu! Nililipeleka kuoshwa!"

"Punguza sauti basi, majirani watasikia."

"Wasikie! Waje na viti vyao kabisa!"

Hasira ile haikuwa ya siku moja. Kampuni iliyokatia bima gari lake la kufundishia ilipopata habari, nayo ikamkataa, maana jina lake lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wadanganyifu. Bila bima hakuweza kufundisha, ikambidi awapigie simu wanafunzi mmoja mmoja kusitisha masomo. Shabnam, muuguzi aliyebakiza siku tatu afanye mtihani wa udereva, alilia kwenye simu. Hilary akaomba radhi kwa kosa ambalo hata hakulifanya.

Jioni ya siku hiyo ya simu Clifford akaja na wazo. "Waambie tu ulikuwa unaliendesha wikendi. Nani atajua?"

Hilary alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Akafuta meza, akaweka karatasi na kalamu. "Kaa. Andika ulichofanya, chote. Na uandike kwamba mimi sikujua."

"Wakinipeleka polisi je?"

"Utaenda. Mimi wameshanipeleka mbali zaidi ya hapo, na wewe ndiye uliyenipandisha garini."

Clifford akakaa, akaandika yote. Polisi walimwita, wakamhoji, wakampa onyo rasmi. Jina la Hilary lilichukua miezi saba kusafishwa, na aliporudi kazini nusu ya wanafunzi walikuwa wameshapata mwalimu mwingine. Kerry sasa anapanda basi kwenda kiwandani. Hilary alimwachia Clifford chumba chao, akahamia cha nyuma, na Krismasi ilipofika alikuwa bado analala huko.