Maksai wa Kushoto

Majirani walisema ulimi wa Doña Etelvina Chuquimango ungeweza kumenya viazi. Alipanda na kushuka milima ya Cajamarca akisokota sufu, kofia ndefu ya ukindu kichwani, na katika miaka yake hamsini na minane hakuna aliyewahi kuona uzi wake ukikatika kwa sababu alisimama kumtukana mtu. Alitukana na kusokota kwa pamoja, kama wengine wanavyotembea na kupumua. Marehemu mumewe alimwachia mtoto mmoja, ambaye sasa ni mpishi Lima, shamba lenye mteremko mkali ajabu, na jozi ya maksai: Clavel na Lucero.

Wiki mbili kabla ya kupanda mahindi, Lucero akaibwa.

Etelvina alishuka kituo cha polisi, mwendo wa saa nne kwa miguu. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, akamwomba mafuta ya pikipiki. Alipoyaleta, akaombwa picha ya maksai.

"Picha? Bwana mkubwa, mimi mwenyewe nina picha moja tu, ya harusi, na humo nimefumba macho."

Mara ya tatu wakataka mashahidi wawili waliomwona mwizi akiiba. Akawajibu kwamba angekuwa na watu wawili wa kumwona mwizi, wangemkamata papo hapo, na polisi wangebaki na kazi gani? Wakafunga jalada.

Basi akalipeleka shauri kwa sungusungu wa kijiji, ambao hawadai picha. Akaapa mbele ya wote: mwizi akipatikana, atamchapa kwa mkono wake mwenyewe, hata akiwa askofu.

Siku ya nne sungusungu waliikuta ngozi ya Lucero, yenye doa lake jeupe la paji, kwa mchinjaji wa soko la Jumapili. Mchinjaji alipouona mjeledi umelazwa mezani kwake, kumbukumbu zikamrudia haraka ajabu. Muuzaji hakuwa askofu. Alikuwa Don Sabino Idrogo, jirani wa ng'ambo ya kijito, aliyemshika mwana wa Etelvina kwenye maji ya ubatizo. Tangu siku ile Sabino alikuwa kompadre wake, na yeye komadre wa Sabino.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuvunjana meno Jumamosi na Jumapili wakala sahani moja. Lakini anayemwinulia kompadre wake mkono, mahindi yake huoza shambani na mkono wenyewe hukauka. Hakuna aliyewahi kuuona mkono uliokauka. Ila hakuna aliyewahi kujaribu pia.

Baraza likakutana asubuhi, uwanja wa shule. Mwenyekiti wa sungusungu, Nélida Cieza, akasoma hukumu: viboko kumi, mwenye mali aanze. Maksai wa Sabino aitwaye Capitán ahamie kwa Etelvina. Na Sabino mwenyewe alime huko mpaka mbegu ya mwisho iingie ardhini.

Sabino akapiga magoti. "Piga tu, komadre. Mgongo huu ndio uliomwinamia mwanao kwenye maji matakatifu, komadre. Usiuonee huruma, komadre."

"Anajifunika hilo neno kama blanketi la mvua," akasema mwanamke mmoja nyuma.

"Haya, Etelvina!" mwingine akapaza sauti. "Si ulisema hata askofu?"

"Askofu hakunibatizia mtoto!" akajibu Etelvina, akiuhamisha mjeledi toka mkono huu hadi ule. Akichapa, anavunja undugu na kuutia mkosi msimu. Asipochapa, atachekwa mpaka kaburini. Akatazama huku na huku, macho yakamwangukia Zoila, mke wa Sabino, aliyejikunyata kwenye shali yake.

"Komadre Zoila, pesa za maksai wangu umeziona?"

"Sijaona hata senti, komadre. Aliniambia alikwenda kuchuma kahawa."

"Na ujira wa kahawa?"

"Alisema wezi walimvamia njiani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Nélida alijificha nyuma ya daftari lake. Zoila hakucheka. Aliinuka taratibu.

"Na wewe," akauliza Etelvina, "mtu huyu ni kompadre wako?"

"Wapi! Mimi ni mkewe tu."

Zoila akaupokea mjeledi kwa Etelvina. Sabino, aliyekuwa jasiri mbele ya komadre, akaanza kutafuta mlango kwenye uwanja usio na ukuta. Nélida alihesabu kumi. Zoila alifika kumi na viwili, akaeleza kwamba viwili vya mwisho ni vya mwaka juzi.

Etelvina alirudi nyumbani moyo haujatua. Kesho yake alimfunga Capitán nira pamoja na Clavel, na plau haikwenda hata hatua mbili. Maksai hufundishwa upande mmoja tangu ujana. Clavel ni wa kushoto. Capitán naye ni wa kushoto, na ukimweka kulia anautafuta upande wake kama mlevi anayetafuta kitanda.

"Ulijua hili jana barazani?"

"Hukuniuliza, komadre." Sabino akajikuna mgongo kwa uangalifu. "Labda nimrudishe tu nyumbani, nawe ukodi jozi ya mtu..."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kulala juu ya kilele. Siku nne, tano hivi, mvua ingeshuka.

"Kamata kamba ya pembe zake," akasema Etelvina. "Utatangulia mbele ukimvuta kulia mpaka azoee. Akikukanyaga, mwambie samahani."

Wakalima siku nne. Yeye nyuma ya plau, Sabino mbele akivutwa huku na kule na mnyama wake mwenyewe, na mistari ikatoka imepinda kama mikia ya nguruwe. Ng'ambo ya bonde watu waliacha kazi zao kutazama. Adhuhuri, Etelvina alichinja simbilisi wa kufugwa, kitoweo cha heshima, kwa sababu anayekulimia humlishi mboga, hata awe mwizi. Lakini alimpa kichwa, mifupa mitupu, na hakumwondolea macho mpaka alipokimaliza.

Siku ya nne, mbegu ya mwisho ilipofukiwa, matone ya kwanza yakaanza kugonga kofia zao. Sabino akavua yake.

"Komadre, nisamehe basi."

Etelvina akalitazama shamba lake, mstari baada ya mstari.

"Bado. Disemba kuna palizi."

"Nije na jembe langu?"

"Njoo nalo. Na mwambie komadre Zoila aje kula."