Wanaokaa na Wanaosimama

Shahada yangu ni ya historia, na tasnifu yangu ilihusu wakaguzi wa majimbo katika China ya kale, enzi ya Han. Nikisema hivyo, watu hungoja niendelee, kana kwamba nimewapa nusu ya sentensi. Tantine, dada wa baba yangu aliyenipa pa kulala katika chumba chake mtaani La Rochelle, huku kusini tulikohamia, aliniita Mchina.

"Mchina, umeandikia ule mtu wa kazi?"

Nilikuwa nimemwandikia. Kisha nikashinda nikijiuliza kama nilinyenyekea mno mwishoni mwa barua, au nilinyenyekea kidogo mno.

Kwa kuwa kazi haikupatikana, mchana nilifagia nywele katika saluni yake mtaa jirani wa Rosettenville na kuwasimulia wasusi habari za wakaguzi wangu. Waliipenda moja: kwamba mkaguzi alikuwa na cheo cha chini kuliko gavana aliyemkagua. Mdogo hana mengi ya kupoteza, niliwaeleza, na anatamani kupanda, kwa hiyo haogopi. Alipewa mambo sita ya kuchunguza, na nje ya hayo hakuruhusiwa kuuliza. Yote yaliwahusu wakubwa: matajiri waliomeza mashamba ya wengine, magavana waliohukumu kwa hasira, waliopendelea watu wao, waliowaachia watoto wao watambe kwa jina la baba.

"Na msusi?" aliuliza msusi mmoja, mama wa Kirundi aliyekuja kazini na mtoto mchanga.

"Msusi hayumo."

"Basi tuhamie kule."

"Umechelewa miaka elfu mbili."

Tantine alicheka hadi akaacha kichwa cha mteja. Saluni ile ndiyo iliyolipia chumba, chakula chetu na masomo ya binti yake. Hakukuwa na kitu kingine nyuma yake.

Kisha tukasikia kuwa mkaguzi anapita mtaani, na kwamba duka lolote wanamolala watu linafungwa. Nilianza kuona makosa kila mahali. Nyuma ya pazia kulikuwa na godoro dogo, pale alipolazwa yule mtoto mchanga mchana. Nikasema liondolewe.

"Mtoto alale wapi, juu ya tasnifu yako?" Tantine aliuliza. Godoro likabaki.

Mkaguzi alikuja asubuhi. Alikuwa kijana wa rika langu, mpole, viatu vimeng'arishwa, simu mkononi. Nilimhurumia kidogo; nilifikiri, na huyu ana mkubwa wake anayemwogopa. Alizungumza Kizulu na binamu yangu, binti wa Tantine, aliyezaliwa hapa. Kiswahili chetu anakielewa, ila hukisema akilazimika tu.

"Mama, anauliza, watu wangapi wanakaa hapa?"

Tantine aliviangalia viti vyake. Alikuwa amevinunua kimoja kimoja, na hakuna fundi mwingine barabara ile aliyekuwa na vingi hivyo.

"Nane," alisema kwa fahari. "Wengine wanasimama."

Binamu yangu alitafsiri yote, hadi wale wa kusimama. Mkaguzi alicheka. Nami nikacheka. Kisha akainua pazia, akaliona godoro, akalipiga picha, na akaandika kitu kwenye simu. Akasema watu wanane wakikaa mahali, hiyo ni nyumba, si saluni. Mlango ungefungwa siku hiyo hiyo.

Nilimweleza kwa Kiingereza, kwa kirefu kupita kiasi. Kwamba kwetu kukaa ni kuweka makalio kwenye kiti, na kukaa ni kuwa na makazi, neno ni hilo hilo. Kwamba mama huyu alihesabu viti. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka," alisema, "hata kwa Kizulu ni neno moja."

"Kwa hiyo ulielewa."

"Nimeandika alichosema."

"Eish," alisema binamu yangu.

Hilo ndilo ninalorudia kichwani. Si kosa la lugha. Mkaguzi alicheka, na mtu hawezi kucheka vile bila kuwa ameona wateja waliosimama wakingoja zamu.

Alituruhusu kutoa viti kabla ya kufuli. Tulivipanga kando ya barabara, na mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa akaketi kumaliziwa. Tantine akakaa kwenye kiti cha mwisho, mkoba mapajani.

"Sasa ndiyo tunakaa hapa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mchina, wale wakaguzi wako. Mkaguzi akikosea, nani anamkagua?"

Jibu nilikuwa nalo, nimeliandikia sura nzima. Mwanzoni walirudi mji mkuu kila mwisho wa mwaka kutoa taarifa. Baadaye wakaacha kurudi. Wakapata askari, wakakaa majimboni, wakawa wao ndio watawala, hadi dola ikagawanyika mikononi mwao. Nilimwambia yote, polepole, bila kupamba.

Tantine aliitazama kufuli.

"Wakakaa," alisema.

Mwenye jengo alimpa mtu mwingine pale mahali. Viti viko chumbani La Rochelle, vimepandanishwa hadi karibu na dari, na ili nifike kwenye godoro langu lazima nipite kwa ubavu.