Kiganja Juu ya Kilemba

Nirmal Sahota alikuwa mtu wa kula kiapo kisha kutafuta mlango wa nyuma wa kiapo chenyewe. Mkewe, Pammi, alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa hiyo Jumanne ile, wakiwa mezani na dengu yao na chapati, alimwapisha mbele ya binti yao neno kwa neno, kama karani wa mahakama.

"Baba Harveen, sema: mguu wangu hautakanyaga tamasha."

"Mguu wangu hautakanyaga tamasha."

"Wa kulia na wa kushoto."

"Mama Harveen, kwani nina miguu mingapi?"

"Kwa unavyopenda kufuatafuata watu, sijui. Sema."

Akasema. Harveen alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza darasa la kumi na moja kwa alama nzuri, na zawadi aliyoiomba ilikuwa moja tu: kwenda na rafiki yake Teagan na wasichana wengine wawili kwenye tamasha la muziki, siku tatu, kulala kwenye hema. Tamasha lenyewe hufanyika kila Julai katika shamba la ng'ombe, bondeni, nje kidogo ya mji wao wa Larkin Forks, huku kwenye milima ya magharibi ya Kanada. Watu elfu kumi na tano huja. Mji mzima una watu elfu nne, pamoja na waliokwisha kuhesabiwa mara mbili.

Wazazi wengine walihofia pombe, vidonge na wavulana. Nirmal naye aliyahofia hayo, maana hakuwa mjinga. Lakini alikuwa na hofu moja ya kwake peke yake, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Mtoto wake akimwita, hatasikia.

Masikio yake yalikuwa yameliwa na msumeno. Alifanya kazi kiwanda cha mbao miaka ishirini na sita, akisimama hatua chache kutoka kwenye bamba la msumeno linalopasua magogo, na miaka ya kwanza hakuna aliyemwambia habari za vizibo vya masikio. Sauti nene alizisikia. Nyembamba zote zilikwisha kwenda zake: ndege, kengele ya simu, na sauti ya binti yake. Harveen alipompigia simu, alisikia kama mtu anayekwaruza gunia. Basi mtoto alizoea kuongea na mama, na mama akawa mkalimani, na mkalimani, kama ilivyo ada ya wakalimani, hupunguza asilolipenda.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani baba na binti walikuwa na lugha yao.

Kiwandani, palipokuwa na kelele za kutikisa meno, watu waliongea kwa mikono. Nirmal aliijua lugha hiyo kabla hajajua Kiingereza. Aliyemfundisha ni Walt Petrenko, fundi wa msumeno, mtu mrefu aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto kabla Nirmal hajashuka kwenye ndege iliyomleta Kanada. Kwa mikono hiyo waliagizana ukubwa wa mbao, waliulizana habari za nyumbani na walimsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao. Kwa kuwa Walt hakuwa na vidole viwili, Nirmal naye alijifunza kuongea huku amevikunja viwili vyake, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Harveen alipokuwa na miaka mitatu, alipogundua kwamba baba hasikii akiita, alianza kumwiga. Naye akavikunja viwili.

Meza ya Sahota ikawa kiwanda kidogo. Baba na mtoto walibishana, walitaniana na walisema watu, kimya kimya, huku dengu inapoa. Pammi aligomba. "Mimi sijifunzi lugha ya magogo," alisema. "Mkitaka kunisema, nisemeni kwa mdomo kama watu waliolelewa."

Kulikuwa na ishara moja ambayo Nirmal hakuwa akiichezea. Msumeno ukisimama ghafla bila sababu, hakuna anayekimbia. Kila mtu husimama palepale alipo, huweka kiganja juu ya kichwa, kisha huwatazama wenzake. Maana yake: mimi mzima. Asiye na kiganja kichwani, huyo ndiye wa kukimbiliwa. Mara mbili katika maisha yake Nirmal alishuhudia kiganja kimoja kikikosekana. Alimfundisha Harveen ishara hiyo akiwa na miaka sita, alipoanguka kwenye baiskeli.

Kisha mtoto akafika miaka kumi na minne. Siku moja Nirmal alisimama ng'ambo ya uwanja wa shule akamwambia kwa mikono kwamba bibi ameleta achari. Wavulana wawili wakamwiga, wakipepesa mikono kama kuku. Ndani ya gari Harveen alitazama dirishani, akasema kwa sauti kubwa ili asikike, "Baba, tafadhali. Usiniongeleshe kwa mikono mbele za watu."

Akaacha. Hakumlaumu, maana utoto una aibu zake. Lakini kilimuuma, na miaka mitatu baadaye kilikuwa bado kinamuuma.

Ijumaa asubuhi alimkabidhi Harveen kikasha kizima cha vizibo vya masikio.

"Baba, hivi ni mia mbili. Tuko wanne."

"Wengine wagawie jirani. Ngoma zikianza, vaa."

"Nitavaa. Na wewe utakaa nyumbani?"

"Mguu wangu hautakanyaga tamasha," alijibu Nirmal, na hapo hakudanganya. Jana yake Walt, ambaye siku hizi alikuwa amestaafu na kujitolea kupanga magari, alikuwa amemwomba amsaidie. Maegesho yalikuwa mtelemkoni, ng'ambo ya barabara. Tamasha liko ng'ambo hii, maegesho ng'ambo ile. Mlango wa nyuma wa kiapo ulikuwa wazi kabisa.

Basi Ijumaa yote na Jumamosi mpaka alasiri, Nirmal alielekeza magari. Alijitia hamnazo, lakini kila baada ya dakika kumi aliazima darubini ya Walt, ya kuwindia paa, akaipeleka bondeni. Aliona vichwa tu, vichwa kama mchele uliomwagika. Simu hazikufaa kitu, kwa kuwa watu elfu kumi na tano walikuwa wakigombea mnara mmoja. Tangu Ijumaa mchana Pammi alikuwa amepata ujumbe mmoja tu: "Tumefika, tumekula."

"Umemwona?" aliuliza Walt kwa mkono wenye vidole vitatu.

"Sijamwona. Naye hajaniona, nimejificha vizuri."

Walt alimtazama rafiki yake. Nirmal alikuwa amesimama kileleni mwa mtelemko usio na mti hata mmoja, amevaa kizibao cha reflekta na kilemba cha rangi ya chungwa, kile cha kazini, alichokizoea kwa sababu kiwandani mtu lazima aonekane. Kisha akageuka kuelekeza gari lililofuata.

Saa tisa na nusu alasiri upepo ulikuja. Mlimani hapa huja hivyohivyo, bila hodi. Vumbi lilipanda kutoka upande wa mto, hema moja likaruka, la pili likalifuata, na kitambaa cheusi kilichofunika jukwaa kikachanika na kuanza kupigapiga hewani. Nirmal hakusikia. Yeye alihisi kwa nyayo. Siku mbili nzima ngoma za jukwaani zilikuwa zikimpanda kupitia soli za buti, na sasa, ghafla, ardhi ilinyamaza.

Mashine imesimama.

Alitupa kibendera chake akakimbia. Alifika barabarani, na pale langoni watu walikuwa wanatoka kwa mamia, wamejifunika nyuso kwa mashati, wengine wanalia, wengine wanacheka vile mtu anavyocheka akiogopa. Alijaribu kupenya, akasukumwa nyuma. Alijaribu tena. Aliita, "Harveen! Harveen!" na hata sauti yake mwenyewe hakuisikia sawasawa. Hata kama mtoto angejibu, yeye angejuaje? Roho ilikuwa mkononi. Alijiona mpumbavu kwa kumruhusu, na mpumbavu zaidi kwa masikio yake.

Mkono ukamshika bega. Walt alikuwa anahema.

"Nirmal! Unafanya nini?" alimpigia kelele sikioni.

"Mwanangu yumo ndani!"

"Najua yumo ndani! Ukiingia humo hutamwona, na yeye akikutafuta hatakuona! Msumeno ukisimama tunafanyaje?"

Nirmal alimkodolea macho.

"Mimi ndiye niliyekufundisha, bwana! Tunafanyaje?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kusimama wakati miguu inataka kukimbia ni kazi kubwa kuliko kubeba gogo. Lakini alirudi mtelemkoni. Alipanda nyuma ya pikapu ya Walt, akasimama juu ya sanduku la zana, akaweka kiganja juu ya kilemba. Watu waliopita walimtazama mzee yule mwenye ndevu nyeupe aliyesimama juu ya gari amejishika kichwa, wakadhani amechanganyikiwa. Kwa mkono wa pili alishika darubini.

Alihesabu mpaka mia. Akahesabu tena. Vumbi lilianza kutua.

Kando ya uzio wa shamba, upande wa barabara, palikuwa na marobota ya nyasi yaliyopangwa kwenda juu kama ngazi. Mtu mmoja alikuwa anayapanda. Aliteleza, akapanda tena, akafika juu, akasimama wima. Nywele zilikuwa zimempeperukia usoni. Hakutazama huku na huku kama mtu anayetafuta. Aligeuka moja kwa moja kwenye mtelemko, kwenye kilemba cha chungwa, akaweka kiganja juu ya kichwa.

Mimi mzima.

Nirmal alitaka kujibu, akakumbuka kwamba kiganja chake kiko kichwani tayari. Machozi yalimtoka, akayaacha. Harveen alishusha mkono, akainamia chini akavuta mtu. Teagan akapanda. Kisha wa tatu, kisha wa nne. Akawaambia kitu, nao, mmoja baada ya mwingine, wakaweka viganja vichwani. Wasichana wanne juu ya nyasi, mbele za watu wote, kila mmoja amejishika utosi.

Harveen akaongea kwa mikono, polepole, kama mtu anayekumbuka njia ya zamani. Wanne. Wote wazima. Kisha haraka zaidi: nakuona tangu jana.

"Kumbe!" alisema Nirmal kwa sauti.

Kilemba hicho, iliendelea mikono ya binti yake, kinaonekana mpaka mwezini. Kiapo chako kiko wapi?

Nirmal aliweka darubini chini, akajibu kwa mikono miwili: mguu haujakanyaga.

Hata kutoka mbali aliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Walt, ambaye sasa alikuwa ameshika darubini yeye, aliielekeza kwenye mikono ya msichana.

"Amevikunja viwili," alisema. "Anaongea kama mimi."

Kwenye marobota Harveen aliinua mkono akavuta chini kamba isiyokuwepo, mara mbili. Ilikuwa ishara ya filimbi ya jioni: zamu imekwisha, nenda nyumbani. Nirmal alisita. Harveen akavuta tena, kwa msisitizo, na kuonyesha walinzi waliokuwa wakiinua mahema, na watu waliokuwa wameanza kurudi ndani. Yeye anabaki. Kuna siku moja zaidi.

 Nirmal naye akaivuta kamba, mara mbili. Sawa. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa rahisi, mzigo wa wiki nzima kutua hivyo.

Aliendesha gari kwenda mjini huku madirisha yote yamefunguliwa. Nyumbani alimkuta Pammi nje, katikati ya njia ya gari, bila viatu. Redio ilikuwa imetangaza habari za upepo, na simu haipatikani. Mwanamke aliyemwapisha Jumanne sasa alikuwa amebana ncha ya shali mdomoni, macho mekundu, na alikuwa akisema kitu, anakisema na kukirudia, na Nirmal nyuma ya kioo cha mbele hakusikia hata neno.

Hakungoja kuzima gari. Aliinua mkono wa kulia akaweka kiganja juu ya kilemba, na wa kushoto akaonyesha vidole vinne. Mara ile akakumbuka kwamba mkewe hajui lugha ya magogo, akafungua mlango ili amweleze kwa mdomo.

Pammi alikuwa ameketi chini palepale kwenye changarawe. Alikuwa anavuta pumzi ndefu ndefu, na kiganja chake kilikuwa kichwani.

"Wewe," alisema Nirmal. "Unaijua?"

"Wote wanne?"

"Wote wanne. Unaijua tangu lini?"

Pammi alifuta macho kwa ncha ya shali, akanyoosha mkono ainuliwe. "Miaka kumi na nne nimekaa meza moja na nyinyi," alisema. "Najua hata mlichokuwa mnasema kuhusu chapati zangu."